Hesabu kwa mtoto mwenye mahitaji maalumu: simu inasaidia wapi, na wapi haisaidii

Baada ya kipindi chetu cha elimu, mama mmoja alituandikia ujumbe mfupi. Mwanawe ana miaka kumi na ana ulemavu wa akili. "Anahesabu moja mpaka ishirini bila kukosea," aliandika, "lakini nikimwambia anipe maembe matano ananiletea fungu zima. Watu wananiambia ninunue simu janja imfundishe. Ninunue?"

Hewani tulimjibu kwa kifupi tu, maana muda ulikuwa umekwisha. Tangu hapo tumepokea maswali mengine ya aina hiyo kutoka kwa wazazi wa watoto wasioona, viziwi, wenye ualbino na wenye usonji. Makala haya yanakusanya majibu mahali pamoja, uyasome taratibu na ikiwezekana umwonyeshe mwalimu wa mtoto.

Jambo moja tunaomba ulishike tangu mwanzo: tafuta kwanza kinachomkwamisha mtoto, ndipo uchague kifaa. Kifaa kinachomfaa asiyeona hakimfai kiziwi, na kwa watoto wengi kifaa cha kwanza si simu, ni maharage yaliyoko jikoni kwako.

Hesabu ni ulinzi wa mtoto

Bado tunasikia watu wakisema, "Huyu hesabu za nini? Akijua kuvaa na kula inatosha." Tufikirie mbali kidogo. Mtoto huyo atakua. Siku moja atatumwa dukani na noti ya shilingi 1,000 kununua sabuni ya shilingi 700. Asipojua kwamba inabaki 300, chenji yake itakuwa mali ya yeyote mwenye tamaa. Asipojua saa, hatajua wakati wa dawa. Akifanya kibarua cha kubeba mifuko na hajui amebeba mingapi, atalipwa anachoamua mwenye mifuko.

Kwa hiyo tunapozungumzia hesabu kwa mtoto mwenye ulemavu hatuzungumzii mtihani peke yake. Tunazungumzia mtu mzima atakayeweza kulinda jasho lake.

Kwanza, anakwama wapi?

Watoto wawili wanaweza kupata sifuri ileile kwenye daftari kwa sababu tofauti kabisa. Mmoja haoni ubao. Mwingine anaona vizuri lakini hakumsikia mwalimu. Wa tatu anajua jibu ila mkono wake haushiki penseli. Wa nne anazitaja namba kama wimbo bila kujua zina maana gani.

Unaweza kuanza kuchunguza nyumbani kwa punje za maharage na dakika kumi.

Mwekee punje saba, umwambie azihesabu kwa kuzigusa. Je, kila punje anaipa namba moja, au mdomo unakimbia kuliko kidole? Akimaliza muulize, "Ziko ngapi?" Akianza kuhesabu upya badala ya kusema saba, bado hajajua kwamba namba ya mwisho ndiyo inayotaja idadi ya zote. Kisha mwambie akupe punje nne. Akikupa konzi nzima, umepata mahali pa kuanzia.

Angalia na mengine. Je, anasogeza kitabu karibu kabisa na macho? Anageuza sikio upande mmoja unapomwita? Anasema jibu sahihi lakini anashindwa kuliandika? Anasoma hadithi vizuri ila namba zinamchanganya, hata hajui kati ya 6 na 9 ipi kubwa? Wapo watoto ambao shida yao iko kwenye namba peke yake, na wataalamu huiita diskalkulia. Mtoto wa namna hiyo si mvivu, na kumchapa hakumsaidii.

Kabla ya kusema mtoto ni mzito wa kuelewa, mpeleke hospitali akapimwe macho na masikio. Mtoto asiyesikia vizuri anaweza kuitwa mjinga kwa miaka mingi kumbe anakosa nusu ya maneno ya mwalimu.

Mtoto asiyeona

Simu nyingi za Android zina msomaji wa kioo anayeitwa TalkBack. Ukimwasha, simu inasema kwa sauti kila kitu kidole kinapokigusa, na ili kufungua kitu unagonga mara mbili. Humnunui, huwa yumo tayari kwenye simu. Fungua Mipangilio, tafuta sehemu ya Ufikivu. Kama simu yako iko kwa Kiingereza, sehemu hiyo imeandikwa Accessibility. Google wanayo sauti inayosoma Kiswahili, hivyo mtoto anaweza kusomewa namba kwa lugha anayoijua.

Tahadhari moja: TalkBack ikishawaka, simu inabadilika namna inavyoguswa, na wengi huogopa wakidhani imeharibika. Kwenye simu nyingi unaweza kuizima kwa kubonyeza vitufe viwili vya sauti kwa pamoja kwa sekunde chache, mradi njia hiyo ya mkato imewashwa. Jaribu kuwasha na kuzima wewe mwenyewe kabla ya kumpa mtoto.

Lakini sauti ina mpaka wake. Simu ikisoma "ishirini na saba kujumlisha kumi na tano", mtoto anapaswa kubeba yote kichwani. Anayeona anaandika makumi chini ya makumi na mamoja chini ya mamoja. Asiyeona naye anahitaji mahali pa kuziweka namba, na mahali hapo ni kwenye vidole.

Ndiyo maana shule za wasioona hutumia abakasi. Ile iliyotengenezwa kwa ajili ya wasioona ina kitambaa kizito nyuma ya shanga, ili zisiteleze mkono unapopita. Kila fimbo ina shanga nne chini ya kizuizi, kila moja ikiwa na thamani ya moja, na shanga moja juu yenye thamani ya tano. Kuandika 27, kwenye fimbo ya makumi mtoto anasogeza shanga mbili za chini kuelekea kwenye kizuizi. Kwenye fimbo ya mamoja anashusha shanga ya juu, yaani tano, na kupandisha mbili za chini. Anapapasa na kusoma: ishirini na saba.

Pamoja na abakasi kuna nukta nundu. Humo tarakimu 1 mpaka 9 na 0 huandikwa kwa alama zilezile za herufi A mpaka J, zikitanguliwa na alama ya namba. Mtoto anayejua herufi zake kumi za kwanza hahitaji alama mpya za tarakimu, isipokuwa hiyo inayotangulia.

Kwa asiyeona, basi, simu inasoma swali na kuhakiki jibu. Kazi ya katikati hufanywa na vidole.

Mwenye uoni hafifu, pamoja na watoto wenye ualbino

Hapa simu ya kawaida yenye kamera inafanya kazi kubwa. Mwalimu akikubali, mtoto au jirani yake wa dawati anapiga picha ya ubao na kuikuza kwa vidole viwili. Picha hiyo inabaki, na jioni mtoto anaweza kunakili maswali bila haraka.

Kwenye Ufikivu kuna pia ukuzaji wa kioo, maandishi makubwa na kubadilisha rangi ili maandishi yawe meupe kwenye weusi. Wapo watoto wanaosumbuliwa na mwanga mkali, kwa hao punguza mwanga wa kioo. Usiache mambo yasiyo na gharama: kukaa mbele, mbali na dirisha linalomulika usoni, na kuandika kwa kalamu nene nyeusi, namba chache kwenye kila ukurasa. Kwenye hesabu, kusoma 3 kuwa 8 kunaharibu swali zima hata kama mtoto anajua njia.

Mtoto kiziwi

Wazazi wengi hufikiri kiziwi hana shida na hesabu kwa kuwa namba zinaonekana. Shida inakuja kwenye maneno. "Juma alikuwa na mbuzi tisa, akauza wanne, wakabaki wangapi?" Ni swali la kutoa, lakini aliyelelewa bila lugha kamili, iwe ya kusema au ya alama, anakwama kwenye sentensi kabla hajafika kwenye namba.

Programu nyingi za hesabu kwenye simu hutoa maelekezo kwa sauti. Kwa kiziwi hizo ni kelele asizozisikia. Usichague programu kwa rangi zake. Izime sauti, uicheze mwenyewe kwa dakika tano. Kama wewe hukuelewa la kufanya bila sauti, naye hataelewa.

Kilicho bora ni video. Mwombe mwalimu anayejua lugha ya alama arekodi vipande vifupi vya dakika moja au mbili: alama ya kujumlisha, ya kutoa, ya kugawanya, ya "zaidi ya" na "pungufu ya", kisha swali moja la maneno likielezwa kwa alama. Mzazi anazipokea kwa WhatsApp au kwa kadi ya kumbukumbu. Faida ni mbili: mtoto anarudia mara anazotaka, na nyumba nzima inajifunza alama. Mtoto kiziwi ambaye nyumbani hakuna anayejua alama ya "gawanya" hana wa kumuuliza kazi ya nyumbani.

Mwenye ulemavu wa akili, na anayechelewa kuelewa

Huyu ndiye mtoto wa mama wa maembe. Kwake tunapita hatua tatu, na hatuziruki. Mwanasaikolojia wa Marekani Jerome Bruner alizieleza hatua za namna hii katika miaka ya 1960, na walimu wa elimu maalumu huzitumia hadi leo.

Ya kwanza ni kushika. Anza na moja, mbili na tatu tu. "Nipe embe moja. Nipe maembe mawili." Tumia vitu vya kweli na kazi za kweli, kama kupanga vikombe viwili kwa watu wawili au kutia mayai matatu kwenye bakuli. Usiende kwenye nne mpaka tatu imekaa. Inaweza kuchukua wiki, inaweza kuchukua miezi.

Ya pili ni picha, na hapa simu inaingia. Piga picha ya embe moja, maembe mawili, maembe matatu, yaleyale aliyoyashika. Mwonyeshe picha ya mawili, akuletee mawili. Rekodi sauti yako ukihesabu polepole, moja kwa kila picha. Mtoto anayehitaji kurudiwa mara hamsini atapata sauti ileile isiyochoka wala kukasirika.

Ya tatu ni alama, yaani tarakimu yenyewe. Andika 2 chini ya picha ya maembe mawili. Baadaye ondoa picha, ibaki 2, aone kama atakuletea mawili.

Zoezi liwe dakika kumi, kila siku saa ileile. Akichoka, acha. Akipatia, msifu kwa kutaja alichofanya: "Umenipa matatu, sawasawa." Halafu mpeleke kwenye fedha. Sarafu za shilingi 50, 100, 200 na 500 zinashikika, zinatofautiana, na zina maana anayoiona dukani siku hiyohiyo.

Na kikokotoo je? Kikokotoo kiko hata kwenye simu ya kitochi. Mtoto aliyeelewa kwamba kutoa ni kupunguza, ila kichwa hakimudu namba kubwa, hatendi kosa akikitumia. Kosa ni kumpa kikokotoo kabla hajaelewa kutoa ni nini, maana atabonyeza vitufe bila kujua jibu limetoka wapi.

Mikono isiyotii, na mtoto mwenye usonji

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anaweza kuwa na akili nyepesi ya hesabu ndani ya mwili usiomtii. Usimpime kwa mwandiko. Mwache aseme jibu, aonyeshe kwa macho au achague kati ya kadi mbili. Kwenye simu kibodi ya Google inapokea Kiswahili cha kuzungumza na kukiandika. Sehemu ya Ufikivu ina mpangilio wa kuongeza muda wa kugusa, ili mkono unaotetemeka usifungue vitu ovyo. Simu ifungwe kwa kitambaa kwenye meza au ubao ili isiteleze.

Mwenye usonji mara nyingi hutulia pale mambo yanapofuata mpango uleule. Mwonyeshe kwa picha tatu: kwanza maharage, kisha simu, kisha kucheza. Programu yenye vifijo, mwanga unaomweka na sauti za ghafla inaweza kumvuruga. Punguza sauti, au uchague nyingine iliyotulia.

Programu za hesabu: Tanga na Malawi zinatufundisha nini

Kati ya mwaka 2017 na 2019, mkoani Tanga lilifanyika jaribio kubwa la shindano la Global Learning XPRIZE. Watoto karibu 3,000 katika vijiji vipatavyo 170 walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili za kusoma, kuandika na kuhesabu, na vituo vya kuchajia kwa umeme wa jua. Wengi wa watoto hao walikuwa hawajawahi kwenda shule. Mwezi Mei 2019 washindi wawili walitangazwa, onebillion na Kitkit School, wakagawana dola milioni 10 za Marekani. Kwa masharti ya shindano, programu za walioingia fainali ziliwekwa wazi ili yeyote azitumie bure.

Jaribio hilo halikuwa la elimu maalumu, lakini Kitkit School ina historia inayotuhusu. Ilitengenezwa na kampuni ya Enuma, iliyoanzishwa na Sooinn Lee, mbunifu wa michezo ya kompyuta kutoka Korea Kusini, pamoja na mumewe. Walianza kazi hiyo baada ya kupata mtoto mwenye mahitaji maalumu. Programu yao ya awali ya hesabu, Todo Math, ilibuniwa wakiwa na watoto wa namna hiyo akilini.

Kwa upande wa onebillion, somo linatoka Malawi. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nottingham cha Uingereza walichapisha matokeo kuhusu watoto 33 wenye mahitaji maalumu waliotumia programu zake za hesabu shuleni. Watoto hao waliweza kuzitumia na kujifunza, ila mwendo wao ulikuwa wa polepole kuliko wa wenzao. Wenye shida za kusikia na za lugha ndio waliosogea kwa taabu zaidi.

Tunaliona hilo kuwa jibu la haki kwa pande zote mbili. Anayesema watoto hawa hawawezi kujifunza kwa kifaa amekosea. Anayesema uwape kifaa uondoke naye amekosea.

Bando, chaji na usalama

Chagua programu inayofanya kazi bila intaneti. Ipakue mara moja mjini au palipo na mtandao mzuri, kisha zima data mtoto anapoitumia. Hapo unaokoa bando, na matangazo mengi hayatatokea. Programu inayodai malipo katikati ya mchezo iondoe. Kama simu hiyohiyo ina fedha zako, mtoto asiijue namba yako ya siri. Ihifadhi simu kwa ajili ya zoezi, usimwachie siku nzima kama yaya.

Kama huna simu janja, usione umeachwa. Kitochi kina kikokotoo na saa ya kengele, na vingine vinarekodi sauti. Vizibo vya soda, vijiti na punje za mahindi vinafanya hatua ya kwanza yote, ambayo hakuna simu inayoweza kuifanya.

Shuleni uombe nini

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto wako haki ya elimu kama mtoto mwingine yeyote. Ziko shule za msingi za kawaida zenye vitengo vya elimu maalumu, na ofisi ya elimu ya halmashauri yako inapaswa kukuelekeza kilicho karibu. Walimu wa fani hiyo husomea sehemu mbalimbali, kikiwemo Chuo cha Ualimu cha Elimu Maalumu Patandi, mkoani Arusha.

Mwalimu asiyesomea fani hiyo naye anaweza kusaidia ukimwendea na ombi dogo linaloeleweka. Usimwambie tu, "Mwalimu, mwanangu hawezi." Mwambie, "Mwalimu, mwanangu anahesabu mpaka ishirini, ila hajui kutoa vitu zaidi ya vitatu. Tuko kwenye tatu nyumbani. Tunaomba naye shuleni aanzie hapo." Baada ya sensa ya mwaka 2022 vishikwambi vilivyotumika kwenye kazi hiyo viligawiwa walimu. Muulize kama anacho, mpange pamoja kumpigia mtoto picha za hatua ya pili.

Andika pia kwenye daftari, kila Jumamosi, jambo moja ambalo mtoto ameweza. Maendeleo ya watoto hawa ni madogo madogo, na usipoyaandika utadhani hakuna.

Tunamjibu mama

Sasa turudi kwa mama aliyetuuliza. Mama, usikope fedha kununua simu mpya. Chukua maembe matatu kesho asubuhi, anza na moja. Likikaa, nenda kwenye mawili. Simu uliyotumia kutuandikia ujumbe, kama ina kamera, inatosha kwa hatua ya pili. Kama haina, chora maembe kwenye karatasi.

Mwanao anazijua njia za namba kwa mdomo, na huo ni mtaji. Kilichobaki ni kuzishusha namba hizo kutoka mdomoni mpaka mikononi. Siku atakapokupa maembe mawili, si zaidi wala si pungufu, tuandikie tena. Tutaisoma habari hiyo hewani, kwa sababu wako wazazi wengi wanaosubiri kuisikia.